Kabla ya viza ya kisiwani, ulizeni mwajiri anasemaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme machache kuhusu makala yenu ya viza za kufanya kazi kwa mbali ukiwa kisiwani. Nimeisoma yote, na picha nimeiona: dada amejinyoosha kwenye bembea chini ya mnazi, kompyuta mapajani, jua limepiga kioo moja kwa moja. Aliyewahi kufungua kompyuta juani anajua kwamba yule dada alikuwa haoni kitu. Picha haina neno, kila gazeti huweka hiyo hiyo. Kilichonifanya nishike kalamu ni pale mwandishi wenu anapowaambia wasomaji kwamba ukishapata viza, kilichobaki ni kufunga begi.

Mimi ni mhasibu wa mishahara. Kampuni ninayoifanyia kazi ina wafanyakazi waliotawanyika nchi mbalimbali, na wengi wao sijawahi kuwaona ana kwa ana. Anayetaka kwenda kukaa kisiwani mwaka mzima huja kwangu mapema, tena akiwa na haraka, kwa sababu karibu kila kisiwa kinadai uthibitisho wa mapato na barua ya mwajiri, na karatasi zote hizo zinapita mezani kwangu. Kwa hiyo viza hizi nazijua kwa upande wa nyuma, ule ambao mwombaji haupigi picha.

Nianze kwa kutenda haki. Viza zenyewe zipo na si ulaghai. Zilishika kasi mwaka 2020, ndege zilipokuwa zimelala na hoteli za visiwani zimefungwa kwa sababu ya korona. Barbados, chini ya Waziri Mkuu Mia Mottley, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuchangamka: Julai mwaka huo ilitangaza Welcome Stamp, kibali cha miezi 12 kwa mtu ambaye kazi yake iko nje ya Barbados. Visiwa vya Cayman, Antigua na Barbuda, Morisi na Cabo Verde vikaingia mwaka huo huo, na baadaye Dominica, Montserrat na Shelisheli. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Mtalii wa wiki moja hayupo, basi tumlete mtu wa mwaka mzima. Hagombei ajira na wenyeji, mshahara wake unatoka ng'ambo, na kodi ya nyumba, nauli na chakula analipia hapa.

Hicho ndicho kiini cha viza hizi zote, nacho makala ilikipita mbio. Mapato yako lazima yatoke nje ya kisiwa. Kumfanyia kazi mwenyeji, hata kumtengenezea tovuti jirani yako mwenye boti kwa malipo kidogo, ni kuvunja masharti. Watu wengi huchanganya kibali hiki na kibali cha kazi, wakadhani wakifika watatafuta ajira huko huko. Hapana. Unakwenda na kazi yako kutoka nyumbani, na kazi hiyo ikikatika katikati ya mwaka, msingi wa kibali chako nao unakatika.

Halafu kuna viwango vya mapato, ambavyo makala ilivitaja kwa sentensi moja. Mimi ningevianza navyo, maana vinapunguza watu kuliko masharti mengine yote. Barbados inataka uthibitishe kwamba utaingiza angalau dola 50,000 za Marekani katika miezi hiyo 12, na ada waliyoiweka ni dola 2,000 kwa mtu mmoja na 3,000 kwa familia. Antigua na Barbuda nao walianza na dola 50,000 kwa mwaka, ila wanakupa miaka miwili. Montserrat waliweka dola 70,000. Visiwa vya Cayman walipofungua mlango wao walitaka dola 100,000 kwa anayekuja peke yake na 150,000 kwa wenza wawili. Indonesia, ilipoanzisha mwaka 2024 kibali maalumu cha wafanyakazi wa mbali, kile ambacho watu wanakiita viza ya Bali, iliweka dola 60,000 kwa mwaka.

Gawanya 50,000 kwa 12. Ni zaidi ya dola 4,100 kila mwezi. Katika orodha ya mishahara ninayoiandaa mimi wanaofika hapo ni wachache, na wengi wao wana watoto shuleni na wazazi wa kuangalia, hawana habari na mnazi.

Ndiyo maana wanaokuja mezani kwangu wengi huishia kutaja Morisi. Viza yao ya kufanya kazi kwa mbali, inayoitwa Premium Visa, ilipoanza mwishoni mwa 2020 haikuwa na ada, ilikuwa ya mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, na kiwango chake kilikuwa dola 1,500 kwa mwezi, na dola 500 juu yake kwa kila mtoto anayekutegemea. Hapo mwalimu wa lugha wa mtandaoni, mfasiri au mchora michoro wa kampuni ya kawaida anaweza kujaribu. Cabo Verde wao waliangalia salio badala ya mshahara, wastani wa euro 1,500 benki kwa miezi sita iliyotangulia, lakini mlango waliufungulia watu wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazozungumza Kireno na Afrika Magharibi. Wasomaji wenu wengi hapo wanakwama kwenye mstari wa kwanza wa fomu. Viwango na ada hubadilika, na anayeomba leo asome tovuti ya serikali ya kisiwa chenyewe. Asitegemee barua yangu wala makala yenu.

Sasa tuje kwenye barua ya mwajiri. Si ile ya kuombea mkopo, yenye mistari minne na mhuri. Ofisa wa uhamiaji anataka kuona cheo chako, tarehe uliyoajiriwa, mshahara wako kwa mwezi au kwa mwaka, kwamba mwajiri yuko nje ya kisiwa, kwamba kazi yako yote inafanyika kwa kompyuta, na kwamba mwajiri amekubali uifanye ukiwa kwao kwa kipindi unachokiomba. Hilo la mwisho ndilo linalomfanya meneja aanze kukuna kichwa. Kusema "sawa, nenda tu" mwisho wa kikao ni rahisi. Kusaini karatasi yenye nembo ya kampuni inayosema kwamba mfanyakazi wetu fulani atakuwa nchi fulani mwaka mzima kwa ridhaa yetu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kuanzia hapo hakuna atakayeweza kusema hakujua.

Nimemwona dada mmoja wa idara ya mauzo, mchapakazi, aliyepewa hiyo "sawa" ya mdomo. Akatafuta nyumba, akalipa kodi ya miezi ya mwanzo, akakata tiketi. Alipokuja kuomba barua, meneja yule yule akasema ngoja kwanza niwasiliane na wanasheria. Wanasheria wakakataa. Viza yake haikuwa na tatizo lolote, alikuwa na vigezo vyote, lakini barua haikutoka na pesa ya nyumba haikurudi.

Kwa nini yeye akataliwe na kijana wa programu aliyeomba miezi hiyo hiyo akubaliwe? Watu walinong'ona upendeleo. Haukuwa upendeleo. Dada wa mauzo kazi yake ni kujadili bei na kufunga mikataba kwa niaba ya kampuni. Mtu wa namna hiyo akikaa nchi moja mwaka mzima akisaini mikataba, mamlaka ya kodi ya huko inaweza kudai kwamba kampuni imefungua makao ya biashara nchini mwao, na makao ya biashara yana kodi yake. Kijana wa programu anaandika programu tu, mikataba hagusi. Hatari yake ni ndogo. Kwa hiyo usijilinganishe na mwenzako ukasema mbona fulani ameenda. Uliza kazi yako wewe inafanya nini kisheria.

Huyo kijana naye hakupita kirahisi. Tulikaa na faili lake jioni nzima, yeye kwenye skrini na mimi na karatasi zangu. Mkataba wake ulionyesha mshahara kabla ya makato. Taarifa ya benki ilionyesha kilichoingia baada ya makato, na mwezi mmoja kiasi kilikuwa pungufu kabisa kwa sababu alichukua likizo bila malipo kumuuguza mama yake. Juu ya hapo, pasipoti ilikuwa na majina matatu, benki majina mawili, na mkataba ulikuwa na herufi moja yenye nukta na jina la ukoo. Mimi na yeye tunajua yote hayo ni mtu mmoja na mshahara mmoja. Ofisa aliyeko kisiwani hajui. Anaona majina matatu na kiasi mbili zisizolingana, na pembeni ana rundo la mafaili mengine.

Tulichofanya ni hiki. Tuliambatanisha hati za mshahara za kila mwezi uliokuwa kwenye taarifa ya benki, na kwenye kila hati nikazungushia kwa kalamu kiasi cha mwisho, kile kinachoonekana benki. Mwezi wa likizo tukauandikia maelezo mafupi. Barua ya mwajiri ikatumia jina kamili la pasipoti, herufi kwa herufi, ikaongeza kwamba kwenye mkataba jina hilo limeandikwa kwa kifupi. Na kwa kuwa mshahara wake haulipwi kwa dola, nikaandika kiasi katika fedha anayolipwa, na chini yake thamani yake kwa dola kwa kiwango cha siku niliyoandika, na tarehe. Hili la kubadili fedha limewaponza wengi. Mtu anaona mshahara wake umezidi kiwango kwa tone, fedha yake inashuka wiki mbili, faili linafika likiwa chini ya kiwango. Ukiwa umezidi kwa tone, jihesabu kama hujafika, na utafute uthibitisho wa pato jingine la kuongezea.

Wasio na mwajiri, wale wa kazi huru, wana shida ya aina nyingine. Hawana wa kumwomba ruhusa, na hiyo ni raha yao. Lakini hawana pia wa kuwaandikia barua. Badala yake watapeleka mikataba na wateja, ankara, na taarifa za benki zinazoonyesha ankara hizo zililipwa. Nimeona mtu mwenye wateja wazuri kabisa akishindwa kuthibitisha chochote, kwa sababu kazi zake zote zilikubaliwa kwa ujumbe wa simu na kulipwa kwa njia tofauti kila mara. Anayefikiria safari ya mwakani aanze mwezi huu kudai mikataba ya maandishi na kulipwa kupitia akaunti moja.

Kodi. Hapa ndipo mwandishi wenu alinikasirisha kidogo, kwa kusema kwamba kisiwani hulipi kodi, halafu akahamia kwenye fukwe. Ni kweli Barbados haikutozi kodi ya mapato kwenye mshahara wako wa nje ukiwa na kibali chao. Lakini Barbados haina uwezo wa kukusamehe kodi ya nchi nyingine. Nchi ulikotoka inaweza kuendelea kukuhesabu mkaazi wake kwa sababu nyumba iko huko, familia iko huko, mkataba wa ajira uko huko, na mimi mhasibu wako nitaendelea kukata kodi kila mwisho wa mwezi kama kawaida. Watu hushangaa wakiona makato yako pale pale. Walitegemea nini? Kompyuta ya mishahara haijui kwamba uko ufukweni.

Halafu kuna siku 183, ambazo kila mtu anazitaja na wachache wanajua zinafanya kazi gani. Nchi nyingi zinatumia takribani nusu mwaka kama mstari: ukizidi hapo, unaweza kuhesabiwa mkaazi wao kwa kodi. Mikataba ya kodi kati ya nchi na nchi, iliyoandikwa kwa kufuata kielelezo cha OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, nayo ina siku hizo hizo 183 kwa mshahara wa mtu aliyekwenda kufanya kazi nchi nyingine, lakini inaweka na masharti mengine mawili: mwajiri asiwe wa nchi hiyo, na mshahara usibebwe na makao ya biashara yaliyo huko. Na mikataba hiyo ipo kati ya baadhi ya nchi tu. Kama nchi yako na kisiwa chako hazina mkataba, kinga hiyo haipo. Viza ya miezi 12 kwa maana yake yenyewe inakuvusha siku 183. Morisi, kwa mfano, aliyekaa zaidi ya hapo anaingia kwenye hesabu za mamlaka yao ya mapato, na utaratibu waliouweka kwa wenye Premium Visa unaangalia pesa uliyoiingiza nchini. Matumizi ya kadi ya benki ya nje hayahesabiwi kuwa pesa iliyoingizwa, ila mshahara unaoupeleka kwenye akaunti ya benki ya huko unaleta maswali. Tofauti hiyo ndogo ya njia ya kutumia pesa ina thamani kuliko aya zote za makala kuhusu machweo.

Michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya nitazipitia kwa haraka: ulizia zote mbili kabla ya kuondoka. Bima ya kampuni mara nyingi inakoma mpakani, na visiwa vingi vinadai bima inayotaja kwamba inafanya kazi kwao kwa muda wote wa kibali.

Saa za kazi ndizo zinazowarudisha watu kabla ya mwaka kwisha, na sijaona makala hata moja inayolisema hili waziwazi. Chukua mfanyakazi ambaye timu yake iko London na inaanza saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Majira ya baridi ya Uingereza, akiwa Morisi, anaanza saa saba mchana na kumaliza saa tatu usiku. Asubuhi yote ni yake, na hapo viza inalipa. Akiwa Barbados anaanza saa kumi na moja alfajiri, anamaliza saa saba mchana. Wengine wanapenda, ila Uingereza ikisogeza saa kwa majira ya joto, anaamka saa moja mapema zaidi. Akiwa Bali anaanza saa kumi na moja jioni, jua likikaribia kuzama, na anafunga kompyuta saa saba usiku.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja huko Bali. Kwenye vikao vyetu vya mchana tulimwona gizani, uso umemulikwa na skrini tu, akijipiga kofi shingoni kufukuza mbu huku akieleza hesabu za robo mwaka. Mwanzoni alichekesha. Baadaye alianza kuzima kamera. Aliniambia tatizo si usiku wenyewe. Marafiki aliowapata huko walikuwa wanakwenda kula pamoja saa ile ile anayoingia kazini, na akiamka wao wameshatawanyika. Kwa mtu ambaye timu yake iko mashariki ya Marekani mambo yanageuka: Barbados ina saa zile zile na New York wakati wa majira ya joto ya huko, na Bali inakuwa mbele kwa saa 12 kamili, mchana wa huku ni usiku wa kule. Anayechagua kisiwa aangalie saa ya bosi wake kwanza, bahari baadaye.

Wapo watakaosema: haya yote ya nini, mimi nitaingia kwa viza ya utalii, nitafanya kazi yangu chumbani, nani atajua? Kwa kweli maofisa wa uwanja wa ndege pengine hawatajua. Lakini mfumo wa kampuni unaona umeingia kutoka nchi gani, na programu ya kuficha mahali ulipo inawafanya watu wa usalama wa mtandao wakuangalie kwa karibu zaidi. Bima ikiambiwa ulikuwa mtalii, kisha ikagundua ulikuwa kazini, ina sababu ya kukataa kulipa. Na Indonesia imewarudisha makwao wageni wengi kutoka Bali kwa kukiuka masharti ya viza, wakiwamo waliokuwa wakifanya kazi kwa viza isiyoruhusu kazi. Simtishi mtu. Nasema tu kwamba mwajiri ambaye hakujua ndiye wa kwanza kukuruka.

Kuhusu intaneti, visiwa kadhaa vya viza hizi vina mtandao mzuri, sina ugomvi. Ila mtandao wa kisiwa unategemea nyaya chache zilizolazwa chini ya bahari. Mlima wa volkano wa chini ya bahari ulipolipuka Tonga Januari 2022, waya wa kimataifa ulikatika, na ilichukua takribani wiki tano kuurudisha. Hilo ni tukio la nadra, lakini dhoruba si nadra. Morisi ina msimu wa vimbunga kuanzia karibu Novemba hadi Aprili au Mei, wenye ngazi nne za tahadhari, na ngazi ya tatu ikitangazwa watu wanabaki ndani. Januari 2024 kimbunga Belal kilijaza maji mitaa ya Port Louis, magari yakaelea. Upande wa Karibi msimu ni Juni hadi Novemba. Na Bali ina siku ya Nyepi, mwaka mpya wa wenyeji wa Bali, ambapo uwanja wa ndege unafungwa na intaneti ya simu inazimwa kwa saa 24. Nyepi iko kwenye kalenda, hivyo omba likizo siku hiyo. Kimbunga hakiko kwenye kalenda, na meneja anapaswa kuambiwa mapema nini kitatokea siku ya namna hiyo, nani atashika kazi yako, na kama siku hiyo itahesabiwa likizo au la. Tumewahi kulibishania hilo mwezi mzima.

Kuna upande wa wenyeji pia, ambao makala haikuugusa hata kwa ncha ya kidole. Mtu mwenye dola 4,000 kwa mwezi akiingia kwenye mtaa ambao mwalimu wa shule analipwa sehemu ndogo ya hiyo, mwenye nyumba hana haja ya kufikiri mara mbili. Bali wamekuwa wakilalamikia bei za nyumba na ardhi kwa miaka sasa. Sijui mgeni mmoja mmoja afanyeje juu ya hilo zaidi ya kutopandisha bei kwa makusudi, lakini gazeti linaloandikia wasomaji wanaojua maana ya kuhamishwa na kodi ya nyumba lingeweza kulitaja.

Ombi langu kwa chumba chenu cha habari ni dogo. Mkirudi kwenye mada hii, msiishie kwa mabalozi wa utalii na watu walioko ufukweni wiki ya kwanza. Mtafuteni meneja aliyesaini barua na mwingine aliyekataa, mumwulize kila mmoja aliogopa nini. Mtafuteni aliyemaliza mwaka mzima akarudi, awaeleze alilipa kodi wapi, kwa nani, na kwa karatasi gani. Na mwandishi wenu akishafika hapo, amwulize pia alishindwa mara ngapi kuufikia mshahara wake kwa sababu benki ya nyumbani ilizuia kadi iliyoonekana ghafla katikati ya bahari, maana simu hizo huwa nazipokea mimi, saa nne usiku.

Wenu,
Mhasibu wa mishahara